Gauni la Mtoto wa Filamu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kaka yangu alimpata kupitia kwangu, kwa hiyo ndoa yao ikienda mrama lawama huletwa kwangu. Na ilikuwa inaenda mrama kweli. Tangu binti yao Chiriku afariki kwa homa akiwa na miaka sita, waliishi kama wapangaji wawili. Kaka alihamia kwenye kochi sebuleni. Mwaka na nusu! Nikinyamaza ndoa inavunjika, nikisema naambiwa ndiyo tabia ya mawifi.

Basi watu wa filamu wakaja dukani kwake. Hadithi yao ilihusu wazazi waliofiwa na mtoto, na walitaka gauni la huyo mtoto. Nilimwambia akatae. "Kazi ni kazi, wifi," akanijibu. Akashona, na pindo akaliacha pana, vidole vinne, kama anavyowaachia watoto wote. Mwongozaji akauliza la nini lote hilo. "Watoto wanarefuka," akasema, kisha akakumbuka kuwa huyo wa filamu hatarefuka. Akalichukua gauni, akalipunguza pindo.

Filamu ilipokamilika tukaalikwa kuitazama, Jumamosi mchana. Kaka nilimburuta, nikamkalisha kushoto kwangu, mkewe kulia. Baba wa kwenye filamu, siku ya mazishi, alisukuma sahani asiguse hata tonge. Kaka akainuka akatoka.

Tulimkuta ameketi kwenye ngazi.

"Mimi nilikula," alisema. "Tumetoka kumzika mwanangu, nikala sahani mbili. Na wewe uliniona, mama Chiriku. Tangu siku hiyo nashindwa kukutazama usoni."

"Nilikuona ndiyo. Ya pili si nilikupakulia mimi?"

"Kwa hasira."

"Hasira ya nini, jamani? Mimi sikuweza kumeza kitu, nikasema angalau mmoja wetu ale." Akaketi ngazi ya chini yake. "Nilidhani wewe ndiye unayenichukia. Mimi ndiye niliyesema tungoje asubuhi ndipo tumpeleke hospitali."

Hilo hata mimi sikuwahi kulisikia.

Kaka alimtazama usoni, muda mrefu.

"Tulisema wote, mke wangu," akamwambia. "Mimi ndiye niliyezima taa usiku ule, tukalala."