Kigugumizi cha Saa ya Kifaransa

Fundi saa hasemi jambo mara moja. Akikwambia "karibu ukae," atafuta miwani kwa ncha ya shati, kisha atakwambia tena, "karibu ukae," nawe umeshakaa. Ndiyo maana mkewe alishika mbavu kwa kicheko alipomkuta amepigia magoti saa ndefu ya Kifaransa, ile inayovutwa na vyuma viwili vizito, akiipapasa kama mgonjwa. Kutu ameshaisugua, kamba ameshazibadili, lakini saa ikishagonga hunyamaza kidogo, halafu hugonga idadi ileile upya.

"Ina kigugumizi," alisema. Akafuta miwani. "Ina kigugumizi. Mwenyewe anaifuata leo, jina langu litaoza. Nang'oa nyundo yake."

"Nyani haoni kundule, baba watoto!"

"Thubutu!" Bibi mwenye saa alikuwa mlangoni. "Imezaliwa hivyo. Hurudia kwa ajili ya asiyesikia mara ya kwanza. Marehemu mume wangu alikuwa akiamshwa na ile ya pili."

Fundi akaweka bisibisi chini taratibu. "Kumbe ni nzima," alisema, akaanza kufuta miwani. Mkewe akanyanyua kidole. Wakasubiri.

"Kumbe ni nzima."