Pikipiki Ilibaki Dukani

Juzi nilikuwa dukani Kisarawe kununua mafuta ya taa, wakaingia mzee mmoja wa Vihingo na mwanawe. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki iliyokuwa ikiuzwa, akakipapasa kiti chake kama anayebembeleza mtoto.

"Ndiyo hii nitakayokununulia, mwanangu! Nyumbani nimeshawaambia watu nitarudi nimepakiwa."

"Baba, mie nataka cherehani," kijana akasema kwa adabu.

Mwenye duka akaguna. "Vijana wa siku hizi wote ni cherehani na baiskeli. Pikipiki naifuta vumbi tu."

"Sasa watu nitawaambia nini?" mzee akauliza.

"Waambie umewaletea fundi, baba. Pikipiki ikiishiwa petroli tutaisukuma. Cherehani haili kitu, na kila anayetaka kanzu ya Idi atakuja barazani kwako."

Kijana yule nilimpenda, wanangu. Sisi tulitaka watoto wetu wapite mbio waonekane. Yeye anataka atulie afuatwe.

Mzee akalipia cherehani. Kisha akavingirisha shuka lake, akalifanya ngata, akajitwika. Mwanawe akanyoosha mikono ampokee.

"Niache," mzee akasema, "utaiangusha."