Kicheko cha Chumba cha Uani

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, na Jumapili baada ya misa alizoea kutusomea riwaya barazani. Ilikuwa riwaya ya zamani ya ng'ambo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kurasa zake zimeanza kuachana. Majirani walikuja na vigoda vyao kusikiliza habari za mtumishi mweusi katika nyumba ya wazungu wacha Mungu. Walimlisha vizuri, lakini sahani yake ilikaa peke yake nyuma ya mlango, na wageni wakija alifungiwa stoo.

Alipofika hapo, baba alifunga kitabu.

"Kosa lake ni ngozi tu," alisema. "Na hao watu walikuwa wanasali."

Mama alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Jumapili nyingine tulifika mahali ambapo mbuzi anakula kofia ya mchungaji. Tulicheka wote, na tuliponyamaza, mtu mmoja aliendelea kucheka. Kilikuwa kicheko chembamba cha mtoto, kikitoka ukutani. Baba akapandisha sauti na kusoma haraka. Watu wazima wote walitazama chini, na hakuna aliyegeuza shingo. Kicheko hakikunitisha kama vile vichwa vilivyoinama pamoja.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na chumba cha uani alichopanga mjane mmoja, mfua nguo za wachimbaji. Ilisemwa kwamba anaishi peke yake. Nilipomuuliza mama ni nani aliyecheka, alisema ni upepo.

Nikaanza kuangalia. Kila jioni mama alipakua ugali kwenye sahani ya bati isiyooshwa pamoja na vyombo vyetu, akaiweka kizingitini kwa mjane. Ikirudi, aliishika kwa kipande cha gunia, kisha akatema mate kifuani pake kama mtu aliyekutana na mkosi.

Mchana mmoja nilipita chini ya dirisha la chumba kile, lililozibwa kwa ubao. Vidole vilikuwa vimejipenyeza chini ya ubao, vyeupe kama muhogo uliomenywa, vikipapasa jua. Mwili ulinisisimka. Niliamini tunaishi na maiti.

"Yule mbuzi alikula na utepe wa kofia?" sauti iliuliza.

Nikajibu ndiyo. Kisha nikachungulia. Alikuwa msichana wa rika langu mwenye ualbino, mtoto wa yule mjane. Macho yake hayakutulia kwenye mwanga. Alisema yumo mle tangu mvua za kwanza.

Jioni ile nilimuuliza baba kama yule mtumishi wa kitabuni naye alifichwa kwa kuonewa huruma. Alirudishia mlango kwanza. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kuna wachimbaji waliodanganywa na waganga kuwa viungo vya watu kama yule mtoto huita dhahabu. Yeye na mama walikuwa wanamlinda.

"Na sahani, baba?"

Akavuta madaftari ya wanafunzi, akaanza kusahihisha.

Hofu ile ilikuwa ya kweli. Siku chache baadaye mwanamume kutoka machimboni alisimama kwenye uzio wetu wa minyaa, akasalimia kwa Kisukuma, mwadila, taratibu na kwa adabu. Aliuliza mwalimu ana wapangaji wangapi. Baba alisema ni mjane mmoja tu.

"Nimeambiwa kuna mtoto anacheka hapa," yule mtu alisema.

Aliangalia ubao wa dirisha kwa muda mrefu, akatabasamu, akaondoka.

Mjane alimsihi baba waende pamoja polisi. Baba alisema hataki jina lake liingie kwenye mambo hayo, akamtaka ahame. Waliondoka kesho yake alasiri, mvua ikinyesha na watu wakiwa ndani, mtoto kafunikwa khanga gubigubi. Baba mwenyewe ndiye aliyewaitia pikipiki ya kuwafikisha stendi, wakapande basi la Ushirombo kwa ndugu zao.

Jumapili iliyofuata, jirani mmoja alimuuliza mama, bila kushangaa, yule mtoto yuko wapi. Kumbe wote walijua.

"Amepotea," mama alisema. "Watu wa namna ile hawafi, hupotea, wazee walisema."

Majirani waliitikia kwa vichwa. Baba naye aliitikia. Kisha akafungua kitabu, akasoma, na penye huzuni sauti yake ilikatika. Niliwatazama nikaogopa, kwa sababu niliona jinsi mtu aliye hai anavyoweza kufutwa mchana kweupe na watu wanaolia machozi ya kweli.

Nilipomaliza sekondari nilikutana na yule mjane sokoni Ushirombo. Akanionyesha picha ya binti yake kwenye simu: yuko chuo, anasomea ualimu, amevaa kofia pana. Nilirudi na habari hizo nyumbani. Baba alifurahi, nilimwona, hata akakaa chini. Kisha akaniomba nisiseme mbele ya majirani, kwa kuwa walikwisha kuambiwa amepotea.