Siku Baba Alipoulizwa Kama Analala

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulala chali nikitazama mabati. Sikuoga mpaka nilazimishwe. Chakula hakikuwa na ladha. Shangazi alisema nimerogwa, mchungaji akaja kuniombea, na bado sikuinuka. Mwishowe Baba akaamua tushuke Voi, kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Majirani zetu wa Mwanda aliwaambia ninaenda kung'olewa jino.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Unalala vizuri?" akaniuliza.

"Analala sana," Baba akajibu.

"Na chakula?"

"Anakula. Kidogo. Ni mawazo tu ya vijana."

"Umewahi kutamani kufa?"

Baba akafungua mdomo anijibie, nikamwahi. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimemwambia mtu, na nilivyosema ungedhani naomba chumvi. Baba aliitazama kofia yake.

Daktari akamgeukia Baba.

"Na wewe mzee, unalala?"

"Mimi niko sawa. Ila tangu mama yao afariki, huwa naamka usiku naenda kuangalia kabichi."

"Kwani zinaibwa?"

"Hapana. Ziko tu."

Akaanza kulia. Daktari akaniomba nisubiri nje kidogo.

Kwenye benchi palikuwa na kijana mmoja amemleta dada yake. Akaniuliza, "Huyo wa ndani ni mgonjwa wako?"

"Ni baba yangu."

"Pole. Alianza lini?"

Nilifikiria. "Sijui," nikamwambia, na kwa kweli sikujua. Tulikuwa tumekaa nyumba moja muda huo wote.

Baadaye nikaitwa, Baba akatoka, na safari hii nikajibu maswali mwenyewe. Nilipewa dawa na tarehe ya kurudi. Baba naye akapewa tarehe yake. Dawa zilinikausha mdomo, na kwa wiki kadhaa sikuona tofauti yoyote. Tuliendelea kushuka Voi pamoja, kila mtu akiingia kwa zamu yake.

Kisha asubuhi moja nikaamka, nikaoga bila kuambiwa. Baba alinikuta nikianika taulo. Alisimama pale na jembe begani.

"Maji yalikuwa moto?"

"Baridi."

"Haya," akasema, akaenda shambani.