Mwambie Sijambo

Mama yangu hakulelewa kusema anaumwa. Ukimwamkia "Shikamoo, mama, umeamkaje?" atakujibu "Marahaba, sijambo, namshukuru Mungu," hata kama kakesha akiugulia maumivu. Morogoro tulikotoka hiyo ni adabu. Hapa Toronto, adabu hiyo nusura ininyime nafasi ya kumuuguza.

Saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la vipuri, Downsview, na kila asubuhi nilimwacha peke yake ghorofani, chupa ya chai kando, simu kifuani. Mwenzangu wa kazini akaniambia ipo likizo ya kuuguza. Nikapiga simu ofisi ya serikali inayohusika, nikasikilizishwa muziki mpaka nikauchukia, kisha nikaelezwa. Sheria ya jimbo inakulindia kazi, ila haikulipi. Anayelipa ni serikali kuu, kupitia bima ya ajira ninayokatwa kila mshahara, nayo inatoa sehemu tu ya mshahara, tena wiki ya kwanza patupu. Sawa, tungekula maharage. Sharti likabaki moja: daktari athibitishe kwa maandishi kwamba mgonjwa yuko katika hatari kubwa ya kufa ndani ya miezi sita.

Hapo nilikoma. Kwetu kumtajia mgonjwa kifo ni uchuro, na hawa wanataka kitajwe, kipigwe na sahihi!

Tukaenda kliniki kwa daktari ambaye hakuwa akimjua mama, wala majibu yake ya hospitali hayajamfikia. Mkalimani nilikuwa mimi. Daktari akauliza anajisikiaje.

"Mwambie sijambo."

"Mama, sema kweli."

"Kwani nimedanganya? Si nimeamka, nimevaa, nimekuja?"

Anakula? Anakula vizuri. Maumivu? Ya uzee tu. Akatabasamu na kukaa wima kama yuko kanisani. Nami, mjinga wa wajinga, nikatafsiri neno kwa neno, kwa kuwa sikufundishwa kumkanusha mama mbele ya mgeni. Daktari akasema hawezi kusaini kwa hali aliyoiona, turudi mwezi ujao.

Kwenye gari nilipiga usukani kwa hasira. Nilimkasirikia daktari, nikaikasirikia ofisi inayotaka mtu afe kwa ratiba, na zaidi nilimkasirikia mama. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua; lakini huyu kilio kingemkuta mimi niko ghalani, napakia breki za magari ya watu.

Mwezi uliofuata nilimpandisha kwenye gari kwa kumbeba. Daktari akauliza swali lilelile.

"Mwambie sijambo."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hilo ni jibu la salamu. Nikamwambia usiku hapati usingizi, chooni nambeba, wali anakula vijiko viwili na kuvitapika. "Mama yangu anakufa," nikasema. "Nisaidie nikae naye." Akaweka kalamu chini, akamlaza mama, akambonyeza tumbo taratibu. Safari hii uso wa mama haukuweza kudanganya. Akasaini.

Garini mama alihangaika na mkanda mpaka nikamfungia.

"Umesema mengi kuliko niliyokutuma."

"Ndiyo, mama."

"Umemwambia nakufa?"

Niliona aibu mno, nikawasha gari.

"Kasaini?"

"Kasaini."

"Haya, twende nyumbani ukalale. Umekonda."

Siku ya kwanza ya likizo, mdogo wake mama alipiga simu kutoka Morogoro. Nilikuwa nimemwegemeza mama kifuani ili apate kunywa uji.

"Mimi sijambo, mdogo wangu," akasema, pumzi zikimkatika. "Mwanangu kapewa likizo. Tupo tu hapa nyumbani, tunapumzika."

Nilimshikia simu sikioni mpaka walipomaliza kusalimiana, maana mkono wake haukuweza tena kuibeba.