Hadithi Yangu Ilipigiwa Makofi, Mama Akiwa Stoo

Nilipigiwa makofi na darasa zima nikieleza jinsi mama yangu alivyokuwa anavuja damu ndani ya stoo.

Wazazi nao wakapiga. Na baba wa kambo, aliyemfungia mama humo stoo asubuhi ile ile, alipiga kuliko wote.

Sitanii. Kaa vizuri nikupe mkasa wenyewe.

Shuleni kwetu kulikuwa na siku ya wazazi. Mzazi anakaa benchi la nyuma darasani, anamtazama mwanawe akifundishwa, akitoka hapo ana la kujisifia mtaani. Darasa letu lilipangiwa somo la Kiingereza, kutunga hadithi fupi.

Mwalimu wetu tulimwita Kilele. Kila kipindi alichora mlima ubaoni: hadithi inaanzia chini, inapanda, inafika kilele, inashuka. Ukisahau kilele imekula kwako, unarudia kazi yote.

Mimi kwenye hadithi nilikuwa kilaza wa kutupwa. Zangu zote ziliishia sehemu moja. Msichana anakimbizwa na simba, anakaribia kuliwa, mara anaamka, kumbe alikuwa anaota. Jambazi, mafuriko, jini, wote waliishia kitandani.

"Huyo ataamka tu," wenzangu walikuwa wanasema kabla sijamaliza.

Sasa turudi asubuhi ya siku hiyo.

Mama alishavaa gauni lake la kijani, tayari kuja shuleni. Baba wa kambo akasema haendi mtu. Mama akasema anakwenda.

Jamaa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alimpiga mama kichwani na kipande cha nondo, mbele ya macho yangu, akamburuta hadi stoo ya uani. Akafunga mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni.

Akanawa mikono. Akabadilisha shati.

"Leo mzazi ni mimi," akaniambia. "Ukifungua mdomo kwa mtu yeyote, huyo mama yako hutamkuta. Tumeelewana?"

"Ndiyo, baba."

Tukaenda shule amenishika mkono. Jirani mmoja akamsifu njiani, eti wanaume wa hivyo siku hizi wameadimika.

Darasani Kilele akatupanga. Mmoja anaanza hadithi, anayefuata anaendeleza, na yote kwa Kiingereza. Wazazi wengi hawakuwa wanaambulia kitu, ila walitikisa vichwa kama majaji. Baba wa kambo ndiye kabisa, hata Kiingereza cha kuombea maji hakuwa nacho.

Hapo ndipo akili yangu ikafunguka.

Aliyenitangulia alisema palikuwa na msichana anayekwenda shule. Zamu yangu ikafika. Nikasimama.

Haya ninayaandika kwa Kiswahili, lakini niliyasema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

"Msichana huyo amemwacha mama yake stoo. Mume wa mama amempiga na chuma. Mama anatoka damu. Mwanaume amefunga mlango."

Mzazi mmoja akaanza makofi, darasa likadakia, na nyuma kabisa nikamsikia baba wa kambo akipiga viganja vyake vile vizito.

Kilele hakupiga.

"Vizuri," akasema. "Lakini hadithi yako haina mahali. Msomaji lazima aione nyumba. Iko wapi?"

Nilitaka kulia. Mama yangu anakufa, huyu mtu ananifundisha mandhari.

"Nyuma ya kituo cha mafuta."

"Geti rangi gani?"

"Bluu. Stoo iko uani."

"Ufunguo anao nani?"

"Mwanaume. Anao mfukoni."

"Na huyo mwanaume yuko wapi sasa?"

Sikuthubutu kugeuka. "Amemsindikiza msichana shuleni."

Kilele akanitazama. "Halafu? Msichana akaamka?"

Darasa likaangua kicheko.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Hakuamka."

Akaligeukia darasa, akasema, "Endeleeni, chaki imeniishia," akatoka nje.

Pale mezani palikuwa na boksi zima la chaki.

Wenzangu wakaendelea. Mmoja akaleta simba. Mwingine akaleta helikopta. Nilikaa pale nikiisikiliza hadithi ya mama yangu ikijazwa upuuzi, na nikawachukia wote.

Mara nikasikia sauti benchi la nyuma. Mama mmoja muuza duka, anayejua Kiingereza, alikuwa anamtafsiria jirani yake kwa kunong'ona, na jirani yake ndiye baba wa kambo. "Eti mama wa watu kafungiwa stoo," akasema huku anacheka. "Mtoto wako ana kipaji, baba."

Nikageuka. Tabasamu la jamaa lilikuwa limekufa.

Akasimama, akaelekea mlangoni. Nilijua anakwenda nyumbani kummalizia mama.

Mlangoni akakutana uso kwa uso na Kilele.

"Mzazi, unatuacha? Mwanao ndiye mshindi. Zawadi inapokelewa na mzazi, na picha inapigwa."

Shule yetu haikuwahi kuwa na zawadi. Kilele alichukua kamusi yake mwenyewe mezani, akamkabidhi jamaa mbele ya watu wote. Wazazi wakashangilia. Na baba wa kambo alikuwa mtu wa kupenda sifa, sifa za mbele za watu hasa. Akabaki.

"Picha moja tena," Kilele akasema, simu mkononi. "Sogea kwenye mwanga. Mshike mtoto bega."

Akanishika. Alinibana mpaka nikasikia mfupa.

"Tutaongea nyumbani," akaninong'oneza, meno nje kwa ajili ya picha.

Polisi aliowapigia Kilele alipotoka nje waliingia jamaa akiwa bado ameshika kamusi.

Wenzao walishatangulia nyumbani bila ufunguo, mlango wa stoo ukawashinda. Wakaukata kwa mashine yake mwenyewe ya kukatia chuma. Mama alikuwa anapumua kwa mbali.

Yu hai hadi leo. Jicho la kushoto halioni, na kuna siku ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Siku hizo namwambia, namlisha, natoka nje kulia.

Pale hospitali alikolazwa mama nilimuuliza Kilele alijuaje kwamba si hadithi.

"Sikujua," akasema. "Darasani kwangu watu wanauawa kila wiki, kwenye madaftari. Lakini wewe mwaka mzima kila msichana wako anaamka. Ndiyo maana nilikuuliza. Ungesema ameamka, ningekupa alama tukaendelea na somo."

Maneno hayo yananitisha kuliko nondo. Mazoea yangu ya kijinga yangenitoka mdomoni siku ile, kwa hofu tu, mama angefia mle ndani mimi nikipigiwa makofi.

Leo nami nafundisha Kiingereza. Mlima nauchora ubaoni kama kawaida, kilele nakidai.

Ila nakuomba wewe unayesoma, mwalimu au mzazi. Mtoto akikuletea hadithi ya kutisha, usikimbilie kumsahihisha wala kumpigia makofi. Muulize kwanza nyumba iko wapi.