Siku Jaji Alipohukumiwa kwa Sheria Yake

Majina ya watu sisahau. Shule niliacha darasa la pili, lakini nitajie mzee yeyote wa Kiyeyi, nilikozaliwa, nitakwambia baba yake, babu yake, na mama yake alitoka wapi. Ndiyo maana kwenye mazishi naitwa mimi kusimama kando ya jeneza na kuita baba za marehemu mmoja mmoja hadi nimfikie yeye. Hapa sitaandika hata moja.

Jaji alikuwa wa Kiyeyi pia. Magazeti yalimwita mlinzi wa mila. Sisi wanawake tulimwita vingine.

Mimi niliolewa Kirewa. Mume wangu alipokufa, shemeji zangu walitaka shamba, kesi ikapanda hadi mahakama kuu, kwake. Nilikuwa nimezaa watoto sita pale Kirewa.

"Mama, ng'ombe wa mahari walipelekwa kwenu?" akaniuliza.

"Bado, mheshimiwa. Marehemu alikuwa akiahidi. Nihurumie."

"Huruma si ushahidi."

Akasoma kwamba mwanamke asiyetolewa ng'ombe si mke, na watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Shemeji zangu wakacheka mle mle ndani. Nikavuka mpaka wa nchi, nikauza mihogo mikavu Busia, upande wa Kenya. Hukumu ile ikafukuza wajane wengine baada yangu. Nawajua wote kwa majina.

Mwaka juzi jaji akafa. Wanawe wawili wakanifuata sokoni wamevaa suti.

"Nyanya, wazee wanasema majina unayajua wewe tu."

"Nitakuja. Ila baba yenu alipenda sheria. Nimwite kwa sheria yake?"

"Hivyo hivyo, Nyanya. Angefurahi sana."

Nikafunga gunia langu.

Kiyeyi ilijaa mawakili na watu wa kanisa. Nikasimama, na baba zake sikuwagusa. Nikaita wajomba zake wa Masinya, alikotoka mama yake, nikapanda hadi babu zao. Watu wakaanza kutazamana. Mzee wa ukoo akanisogelea.

"Mama, umepotea. Hao ni wa upande wa mama."

"Sijapotea. Mama yake alitolewa ng'ombe lini? Ulikuwepo. Sema."

Ng'ombe hawakwenda Masinya hata siku moja, na wazee wote walijua. Walinyamaza kwa sababu mtoto alisoma akawa mkubwa.

"Basi kwa hukumu yake mwenyewe huyu ni mgeni hapa," nikasema, sauti ifike kwa mawakili. "Mnamzikaje kando ya baba zenu?"

Mwanawe mkubwa akanishika mkono. "Nyanya, tuhurumie."

"Baba yako alishajibu hilo."

Wazee wakajitenga nyuma ya nyumba. Waliporudi wakawaambia wachimbaji watoke shimoni: ng'ombe waende Masinya kwanza, ndipo azikwe. Jeneza likabaki pale juani. Nikaomba kiti. Waliponiletea, nikakisogeza mbele, mahali pa kuliona vizuri.